Pindua Kwanza, Sifu Baadaye

Mke wangu amenikataza mara nyingi, na kila mara nimemwahidi kuacha. Lakini Jumapili ile tulipofika kwa kaka yake, na shemeji akatuonyesha meza ya sebuleni aliyoitengeneza mwenyewe uani kwa miezi miwili, mikono yangu haikungoja ruhusa. Niliondoa vikombe, nikaipindua miguu juu, nikapiga magoti.

"Shemeji," akasema mwenye meza, "huko chini unatafuta nini? Uzuri uko juu."

Mke wangu alikuwa anatazama dari.

Nilikuwa namtafuta fundi. Juu ya meza kuna vanishi, kuna kitambaa cha kudarizi, kuna matumaini ya mwenyeji. Fundi yuko chini, mahali ambapo hakutarajia mgeni. Mimi si seremala wa kazi. Ni mwalimu wa hesabu hapa Tanga, na karakana yangu ni kibaraza cha uani chenye jiliwa moja, randa mbili na kuku wa jirani. Ila kwa miaka mingi nimetengeneza vya nyumbani na kuvikarabati vilivyovunjika, na wenzangu wa Jumamosi, wanaofanya kazi hii kwa kupenda, hunitumia picha za kazi zao kwenye simu wakiuliza, "Unaionaje?" Picha huonyesha rangi na umbo. Haina uzito, haina harufu, haitikisiki. Basi huomba picha ya pili: ya chini, ya mgongo, ya ndani ya droo. Wengine hawaniandikii tena.

Kazi ya mbao naipima kwa maswali mawili. Aliyeitengeneza alikumbuka kwamba mbao itacheza? Na alikumbuka kwamba siku moja mtu ataifungua ili aitengeneze upya?

Kichwa cha mbao

Kabla ya maswali hayo, jua kilicho mbele yako. Usitazame ubavu wa ubao, tazama kichwa chake, pale msumeno ulipozikata nyuzi kwa kukingama. Ubavu hupakwa rangi ukakubali kuitwa jina lolote. Kichwani, msindano utakuonyesha mikanda yake ya mwaka hadi mwaka, laini na ngumu ikipishana, na kucha yako itaingia kwenye ile laini. Mninga utakuonyesha vinyweleo vinavyoonekana kwa macho matupu na kiini cha kahawia chenye michirizi iliyokolea. Kisha nyanyua upande mmoja wa meza. Mkongo utakukumbusha mgongo wako. Msindano utainuka kama ahadi ya mgombea.

Sisemi haya kuudharau msindano. Mbao za Sao Hill kule Mufindi zimebeba mabati ya nyumba zetu miaka mingi, na meza ya msindano iliyotengenezwa kwa akili itaishi kuliko meza ya mninga iliyopigwa misumari kwa hasira. Lakini kuupaka msindano rangi nyekundu na kuuita mninga ni uongo, na aliyedanganya kwenye jina la mti sioni kwa nini aseme kweli kwenye viungo. Njia ya kumnasa ni rahisi: tafuta vifundo. Msindano hupenda kuwa na vifundo vya duara vilivyokolea, na hakuna rangi ya kopo inayovificha vizuri. Halafu kwaruza kidogo mahali pasipoonekana. Rangi ya mti wenyewe haiishii kwenye unene wa ukucha.

Mninga una sifa ambayo wanunuzi wengi hawaijui, kwa kuwa wao wanatazama rangi tu. Ukishakauka, hausinyai wala hauvimbi sana. Unamvumilia fundi mvivu. Msaji nao umetulia, na sisi wa Tanga tuna bahati ya kuwa karibu na mashamba ya Longuza, Muheza. Una mafuta, una harufu inayofanana na ngozi ya zamani, na mafuta hayo hayo huifanya gundi isishike vizuri usipoufuta kwanza kwa tina. Mkaratusi haumvumilii mtu. Utaulaza ubao umenyooka kama rula, urudi baada ya wiki tatu uukute umejinyonga kama shingo ya bata.

Tazama pia kama ubao una nyama ya nje iliyo changa, ile yenye rangi ya maziwa inayozunguka kiini. Kwenye mninga inaonekana wazi. Ni sehemu inayopendwa na bungua. Kipande chembamba cha rangi hiyo ukingoni si dhambi, na wapo wanaokiacha makusudi kwa uzuri. Mguu wa kiti uliotoka wote kwenye nyama hiyo ni karamu iliyoandaliwa. Ukiona vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini, gonga kwa kifundo cha kidole. Unga mpya ukidondoka, huenda wenyeji wamo ndani. Kisipodondoka kitu na vitundu vina vumbi la zamani, pengine wamekwisha hama.

Ukavu ni jambo la subira. Ubao unaoanikwa kivulini, hewa ikipita pande zote, huhitaji karibu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na siku hizi hakuna anayengoja. Weka ubao shavuni: ule wenye maji ni wa baridi kuliko mwenzake. Watu watakucheka. Waache.

Neno moja kwa wapenzi wa mapaleti, maana kila kijana aliyenunua msumeno anaanza kwa kuvunja paleti lililotoka bandarini. Mapaleti yanayovuka mipaka hugongwa muhuri wa kanuni ya kimataifa ya ISPM 15. Herufi HT maana yake yamepashwa joto kuua wadudu. Herufi MB maana yake yamefukizwa kwa dawa ya sumu ya methili bromidi. Rafu ya vitabu ya HT nitaisifu. Kibao cha kukatia vitunguu chenye MB sitakigusa.

Ubao haukai kimya

Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani zinapofia, na hufa taratibu kiasi kwamba mwenyewe hulaumu mti, au jua, au mtoto wa jirani.

Ubao haurefuki wala haufupiki kiasi cha kukusumbua. Hupanuka na kusinyaa kwa upana. Masika hunywa unyevu ukavimba, kiangazi ukautema ukapungua. Uso wa meza ya msindano wenye upana wa sentimita 90 unaweza kupungua karibu sentimita moja ukitoka pwani ukapelekwa Dodoma. Nguvu hiyo hakuna skrubu ya kuizuia. Ukiuzuia uso wa meza usicheze, utajipasua wenyewe ili upate nafasi.

Ndiyo maana nilipiga magoti kwa shemeji. Uso wa meza yake ulikuwa mbao tano zilizoungwa kwa gundi ubavu kwa ubavu, kazi safi, mistari yake huioni mpaka uitafute. Chini, aliufunga kwenye fremu kwa skrubu 14, kila moja imekaza kama taya. Nikamwuliza alitia gundi kati ya uso na fremu? Akasema hapana, gundi iliisha. Gundi iliyoisha ndiyo iliyoiokoa meza ile. Fundi anayejua hutoboa tundu refu kidogo, la umbo la punje ya mchele, ili skrubu ishike lakini uso uweze kuteleza. Au huchonga vijiti vidogo vyenye ulimi, ulimi ukaingia kwenye mfereji wa fremu, vikashikilia uso bila kuufunga. Ukipindua meza ukaona matundu marefu au vijiti vya namna hiyo, rudisha meza wima na uombe chai. Umemwona fundi.

Mlango wa paneli unapimwa kwa mantiki hiyo hiyo. Paneli inatakiwa iogelee ndani ya mfereji wa fremu, isigundiwe. Sukuma paneli kwa viganja viwili: ikicheza kidogo, vizuri. Kisha njoo kuitazama kiangazi, jua lilipokausha kila kitu. Kama pembezoni mwa paneli umetokea mstari mweupe usio na rangi, mlango ulipakwa vanishi baada ya kuunganishwa, na paneli iliposinyaa ikaonyesha shati la ndani. Fundi aliyeona mbali huzipaka paneli kwanza, ndipo anaunganisha. Hilo halimgharimu chochote ila kufikiri mapema. Kwangu mimi mstari ule mweupe, au kukosekana kwake, unasema mengi kuliko nakshi zote za mlangoni.

Kwenye rafu, tatizo ni mzigo. Ubao wa msindano wa inchi moja ukivuka karibu mita nzima bila nguzo, vitabu vitaukunja ukatabasamu. Watu huongeza upana, haisaidii sana. Ongeza unene: unene ukiwa mara mbili, ugumu wa ubao dhidi ya kupinda unakuwa mara nane. Hesabu hii nimeifundisha miaka mingi darasani bila mwanafunzi kuijali, mpaka mmoja wao aliponiletea rafu yake iliyopinda.

Ulimi na tundu

Tikisa. Usitikise mbele na nyuma kama watu wanavyofanya dukani, hilo hata kiti kibovu kinalivumilia. Shika pembe mbili zinazotazamana kimshazari, uzipinde kama unayekamua nguo. Kiungo kilicholegea kitalia.

Kiungo cha kuaminika kwenye vyombo vya kubebea uzito ni ulimi na tundu: mwisho wa ubao mmoja umepunguzwa ukawa ulimi, umeingia kwenye tundu la mwenzake, na gundi imeshika mbavu zake. Gundi nyeupe ya kawaida hushika vizuri sana pale nyuzi zinapolala ubavu kwa ubavu. Kwenye kichwa cha mbao hunywewa, na haishiki vizuri. Skrubu nayo ikipigwa kwenye kichwa cha mbao hukata nyuzi badala ya kuzing'ata, na baada ya mwaka itatoka kwa vidole. Kwa hiyo ukiona mguu umeunganishwa kwa skrubu mbili tu zilizozama kichwani, juu yake pamepakwa mchanganyiko wa vumbi la mbao na gundi, unajua. Ule mchanganyiko wenyewe nauheshimu ukiziba kovu la kifundo. Kwenye kiungo ni kukiri kwamba vipimo havikukutana.

Kiti kina mahali pamoja pa kufia: pale mguu wa nyuma unapokutana na ubao wa ubavuni. Kila mtu anayeegemea nyuma na kunyanyua miguu ya mbele anafanya kazi ya mtarimbo papo hapo. Anza hapo. Kama ubao wa ubavuni ni mwembamba, na hakuna kijiti kingine cha chini kinachosaidia, usimwalike mjomba mnene. Kimo pia kipime: kikalio kiwe sentimita 43 hadi 46 kutoka sakafuni, na uso wa meza ya kulia uwe juu yake kwa sentimita 28 hadi 30. Nimeketi kwenye viti vizuri mno vya nyumbani ambavyo vilinifanya nile kidevu kikiwa mezani.

Kuna kiti kimoja cha kigeni ninachokipenda kwa sababu hakifichi chochote. Michael Thonet alikitoa mwaka 1859 huko Vienna, akakipa namba 14. Kilikuwa vipande sita vya mbao vilivyopindwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili. Kilisafirishwa kikiwa kimefunguliwa, mnunuzi akakifunga mwenyewe kwa bisibisi. Kiti cha hivyo kikilegea, unakaza.

Kitanda chetu cha zamani kilikuwa na busara hiyo. Mfumbati uliingia kwenye tendegu bila gundi, nawe ulipohama nyumba ulikivunja kitanda ukakiunga tena upande wa pili wa mji. Vya leo vina vyuma vya ndoana au bolti, na vyote ni sawa ili mradi vifunguke. Nikipima kitanda cha futi tano kwa sita, nakaa katikati ya mfumbati, siyo pembeni, nikijirusha kidogo. Kisha natoa godoro nahesabu chaga na kutafuta nguzo ya katikati. Kama haipo, chaga zitapinda, zitatoka kwenye kingo zake, na mtaanguka usiku wa manane mkadhani ni tetemeko.

Kwenye droo, ile wazee waliyoiita mtoto wa meza, ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi. Ivute kwa kidole kimoja, si katikati bali pembeni. Ikikwama papo hapo, ni pana kuliko nafasi yake au haikuwa mraba. Itoe yote. Tazama pembe za mbele: zimepigiliwa misumari, au zimechongwa meno yaliyopanuka kama mkia wa samaki yakakumbatiana? Meno hayo hayawezi kuvutika kwenda mbele, na droo huvutwa mbele maisha yake yote. Yawe hayalingani sana, sawa, ni mkono wa binadamu. Geuza droo: kitako chake kiwe kimepita ndani ya mfereji, si kipande cha plaiwudi kilichopigiliwa kwa chini kinachongoja kilo mbili za misumari kukiangusha. Irudishe, ifunge kwa haraka. Kwenye kabati lililotengenezwa kwa usahihi sana, hewa hukosa pa kutokea, na droo ya jirani husogea mbele yenyewe. Nimeliona hilo mara tatu tu, zote kwenye makabati ya watu waliokwisha fariki.

Mwanga wa pembeni

Kuhusu uso sitasema mengi, maana ndipo kila mtu anapotazama. Laza tochi ya simu juu ya meza, mwanga uambae. Kila kosa la randa na kila duara la mashine ya msasa litasimama kama mlima. Halafu zima tochi, funga macho, pitisha kiganja. Kingo zisikukate, wala zisiwe zimelainishwa mpaka zikafanana na sabuni iliyotumika. Wanaoanza hupiga msasa kupita kiasi, wakaifuta ile mistari iliyoipa meza umbo.

Pitisha kiganja na chini pia. Kama juu kuna vanishi nyingi na chini pakavu kabisa, ubao utanywa unyevu upande mmoja, utajikunja. Na kwenye mlango wa bafu weka kamera ya simu sakafuni, ipige picha ukingo wa chini. Ni ukingo usioonekana, rangi haifiki, na ndipo maji huingilia. Milango mingi inayooza kuanzia chini ilihukumiwa siku ile brashi ilipoishia sentimita mbili juu ya sakafu.

Kwa nakshi, nenda ukajifunze bure Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu. Tazama pembe za ndani za maua. Patasi huacha pembe kali inayoingia mpaka mwisho. Mashine yenye kisu kinachozunguka kwa kawaida huacha pembe ya mviringo, isipokuwa mtu apite nyuma yake na patasi. Kisha mtazame mfaa, ule ubao wa kusimama unaofunika pengo la mbawa mbili za mlango. Kwenye mlango wa kweli una kazi ya kufanya. Kwenye milango ya mapambo mara nyingi umebandikwa tu, na hakuna pengo nyuma yake.

Mbuzi

Ukitaka kumpima mtu haraka, mwambie atengeneze mbuzi ya nazi. Meza ina kitambaa cha kujifichia, mbuzi haina. Ni mbao mbili zinazopishana, mmoja umepita kwenye tundu la mwenzake, zikazunguka kwenye ekseli moja. Inakunjwa ikalala ukutani, inafunguliwa ikabeba mtu mzima anayekuna kwa nguvu ya mabega. Kila kosa hujitokeza siku ya kwanza.

Ifungue: iende bila kusukumwa na isimame bila kutafuta mahali. Pale mbao zinapogusana zikiwa wazi, pasiwe na upenyo wa kupitisha sarafu, maana upenyo ule ndio mtikisiko, na mtikisiko kwenye mbuzi huishia kwenye vidole. Nyuzi za mbao zitembee kwa urefu wa shingo inayobeba chuma. Zikikatisha shingo, itakatika, na sijaona kiraka kinachoirudisha. Kichwa kiwe juu kiasi cha bakuli kuingia chini yake na nazi kuzunguka bila kugusa ukingo. Meno ya chuma yawe madogo na ya kulingana, kwani makubwa hutoa machicha ya vipande badala ya unga laini, na wanaojua mapishi watakwambia kabla hujauliza.

Ekseli ndiyo ninayoitazama mwisho. Msumari mnene uliopigwa ukakunjwa upande wa pili utakaa miaka miwili, tundu lipanuke, na hakuna njia ya kuutoa bila kuupasua ubao. Kijiti cha mti mgumu, au bolti yenye nati, hutoka. Unaweka kingine. Mbuzi ya mama mkwe wangu imebadilishwa ekseli mara nne kwa ninavyojua, na shingo yake imeng'aa kwa mafuta ya nazi kuliko vanishi yoyote ya dukani.

Kutengeneza kilichoharibika

Kukarabati kuna sifa ndogo kuliko kuunda upya. Hakuna anayenitumia picha ya mlango ulioacha kukwama. Lakini mimi ubora wa mtu nauona hapo zaidi.

Mlango ukikwama mwezi wa tano, asiyejua huchukua randa. Akiuranda masika, Januari atakuwa na pengo la kupitisha panya. Anayejua kwanza huunyanyua kwa kushika kitasa. Ukipanda na kushuka, tatizo ni bawaba ya juu, skrubu zake zimelegea na mlango umeinama. Kisha hutazama tundu la skrubu. Njiti za kiberiti na gundi ni dawa ya jioni moja, siibezi. Dawa ya miaka ni kulipanua tundu, kutia kijiti cha mti mgumu kwa gundi, kungoja kikauke, ndipo kutoboa upya. Ukikagua ukarabati wa namna hii hutaona kitu, isipokuwa ukiitoa skrubu moja na kukuta inatoka kwa upinzani wa heshima.

Kiti kilicholegea niliwahi kumpelekea fundi mmoja nilipokuwa na haraka. Alikirudisha saa hiyo hiyo, imara kabisa, na aliniomba pesa kidogo. Miezi minne baadaye kililegea tena, nikakipindua, nikakuta misumari miwili ya inchi tatu imepita katikati ya ulimi. Ulimi ulikuwa umepasuka kwa urefu. Kazi ambayo ingehitaji kukwangua gundi ya zamani na kutia mpya, maana gundi nyeupe haishiki juu ya gundi iliyokauka, sasa ilihitaji mguu mzima. Simlaumu sana. Yeye analipwa kwa kiti, halipwi kwa saa, na mimi ndiye niliyetaka haraka. Ninachomdai mtu wa Jumamosi ni zaidi, kwa kuwa yeye hana mteja mlangoni. Akipiga msumari kwenye ulimi ni kwa kupenda.

Vivyo hivyo vyuma vya pembe vinavyofungwa juu ya kiungo kilichovunjika. Vinashika, ndiyo, na havidhuru vikifungwa kwa skrubu chache. Ila gundi ya kuchanganya ya makopo mawili ikimwagwa kwenye kiungo cha kiti, umeandika wosia. Hakuna atakayekifungua tena.

Kiraka kizuri nakitazama nyuzi kwanza, rangi baadaye. Nyuzi za kiraka zitembee pamoja na za ubao, na mipaka yake ikatishe kwa mshazari, kwa sababu jicho hudaka haraka mstari unaokingama nyuzi na huuvumilia ulioinama. Rangi itafifia na kulingana kwa miaka.

Meza ya shemeji tuliifungua kabla ya chakula, tukapanua matundu 14 kwa kekee, tukaifunga tena bila kukaza mno. Alinung'unika mpaka tundu la sita, kisha akaninyang'anya kekee akamalizia mwenyewe. Kabla hatujaigeuza wima nilimpa penseli aandike kwenye fremu, kwa ndani, kama ninavyofanya kwangu: tarehe, aina ya gundi, na alichokosea. Alifikiri kidogo, akaandika kwamba mguu wa dirishani ni mfupi kwa milimita tatu na kwamba mke wake hajui.